Umati wa Mtu Mmoja
Siku hizi mtu mmoja aweza kuwa umati. Programu ya kivinjari humfungulia wasifu mia, kila mmoja na vidakuzi vyake, saa za nchi yake, hata ukubwa wa skrini yake. Kubofya nako ni kwa maskini: skripti fupi inabisha 127.0.0.1, yaani kompyuta inajipigia hodi na kujiitikia karibu, na kadamnasi nzima inaamka. Kiwango cha WebDriver, cha kuendesha vivinjari kwa programu, kilichopitishwa mwaka 2018 na W3C, shirika la viwango vya wavuti, kinataka kivinjari kinachoendeshwa na mashine kikiri kikiulizwa. Uungwana wa ajabu! Basi kazi ya kwanza ni kuufuta ukiri huo. Kisha wote mia wanaisifia sabuni ileile kwa nyota tano. Mmoja, ili tusishuku, anatoa nne.