Ngao ya Kuweka Mapokezi: Mwongozo kwa Mkurugenzi Mwenye Kiu ya Tuzo

Tuseme una kampuni ya kusambaza mitungi ya gesi Dar es Salaam. Mwaka juzi mteja wa Mbezi akipiga simu asubuhi, mtungi ulimfikia kesho yake, naye keshapikia mkaa na keshakutukana vya kutosha. Leo anaupata ndani ya saa moja. Aliyeleta mabadiliko hayo ni binti anayepokea simu. Aliacha kuita bodaboda yoyote iliyoegeshwa karibu na ghala, akawagawa madereva kwa kata, kila mmoja na wateja wake anaowajua hadi rangi ya geti. Vifaa vyake vilikuwa daftari la mistari na kalamu nyekundu.

Sasa umesikia kuna tuzo za biashara, na pale mapokezini pana nafasi tupu kati ya picha ya Rais na leseni ya biashara. Jambo la kwanza: hakikisha binti huyo na daftari lake hawaonekani popote kwenye andiko.

Mahali pao jaza sifa. Anza hivi: "Sisi ni kampuni inayoongoza katika kutoa suluhisho bunifu la nishati kwa viwango vya kimataifa." Uzuri wa sentensi hii ni kwamba muuza vipuri, shule ya udereva na saluni ya kike wanaweza kuiazima kwa kubadili neno moja tu, na wameshaiazima. Jaji aliye kwenye andiko la thelathini usiku huo, chai yake imeshapoa, atapita juu yake kama mtu anavyopita tuta alilolizoea. Niliwahi kukaa kwenye kiti hicho msimu mmoja. Sikumbuki hata kampuni moja iliyoanza namna hiyo, kwa hiyo naweza kukuhakikishia kwamba siri zako zitabaki salama.

Kisha takwimu. Andika kwamba mauzo yamekua kwa asilimia 300, na unyamaze hapo hapo. Kutoka mitungi miwili hadi minane ni ongezeko la asilimia 300, na hakuna mwalimu wa hesabu atakayekubishia. Wapo watakaotaka kujua mlikuwa wapi kabla, mmefika wapi, na imechukua muda gani. Hao ni watu wa husuda. Weka na grafu. Mstari wake wa chini uanzie 95 badala ya sifuri, ili ukuaji wa hatua mbili uonekane kama Mlima Meru. Chini yake andika "Chanzo: takwimu za ndani", maneno ambayo hata mhasibu wako atayasoma kwa mshangao.

Kuhusu kipengele cha kushindania, omba vyote. Andiko ni lile lile, unabadilisha kichwa cha juu tu. Ukisahau kubadilisha katikati, na utasahau, jaji wa Mazingira atapata burudani ya kusoma kwa nini wewe ndiye Mwajiri Bora wa Vijana.

Ziepuke tuzo za watu wenye tabia ya kusoma. Hapa kwetu Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, hutoa tuzo za uandaaji bora wa taarifa za fedha, na nasikitika kukwambia kwamba wanaangalia taarifa zenyewe, pamoja na yale maandishi madogo ya nyuma. Marekani ndiko balaa zaidi. Tuzo yao ya ubora ya Malcolm Baldrige, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1987, kwa miaka mingi ilitoa alama 450 kati ya 1,000 kwa matokeo peke yake. Matokeo! Dira na dhamira, ambazo ulizilipia mshauri na semina ya siku mbili Bagamoyo, zinabaki kugombea makombo.

Mfano wa kuiga ni Enron. Jarida la Fortune liliitangaza kuwa kampuni bunifu kuliko zote Marekani miaka sita mfululizo, na mkuu wake wa fedha, Andrew Fastow, alipewa tuzo na jarida la CFO mwaka 1999. Desemba 2001 kampuni ikaomba kufilisiwa. Mwaka 2006 Fastow akahukumiwa kifungo cha miaka sita. Walichopatia hawa ni kuwahi: vikombe vilifika kabla ya wachunguzi.

Kama hata haya unaona yanachosha, njia ya mkato ipo. Siku moja utapata barua pepe ya pongezi: kampuni yako imeteuliwa kuwa Bora Afrika Mashariki, hafla ni Dubai. Hukuomba. Hawajakuuliza unauza nini. Teremka taratibu hadi chini, utakuta orodha ya bei kwa dola: ngao, nembo ya kubandika kwenye tovuti, ukurasa mzima kwenye jarida lao, na meza ya watu kumi. Majaji wa tuzo hizi ni wapole ajabu. Andiko pekee wanalosoma ni risiti ya benki, na kwa kweli ndilo andiko fupi na lenye takwimu sahihi kuliko yote utakayowahi kutuma.

Sitaficha kwamba zipo kampuni zisizofuata mwongozo huu. Wao wanaandika tu: mwaka juzi mteja alisubiri hadi kesho yake; tukawagawa madereva kwa kata; mwezi uliopita, kwa simu zote tulizopokea, wastani ulikuwa dakika 50; Kigamboni bado panatushinda kwa sababu ya foleni ya kivuko; nakala za daftari tumeambatisha. Aya tatu, basi. Jaji aliyekuwa anasinzia anakaa sawa, anamsukuma mwenzake kwa kiwiko, anasema hebu soma hii. Hapo ndipo wanapojitia matatani, maana andiko la aina hiyo huitwa kwenye usaili, na kwenye usaili wataulizwa madereva waligawanywaje. Wewe mkurugenzi huwezi kujibu. Itabidi umlete binti, na akishazungumza dakika tano nani atakumbuka kwamba nawe ulikuwepo, tena na tai mpya?

Kwa hiyo mwache kazini. Hata usiku wa hafla, ile meza ya watu kumi itajazwa na wewe, mama watoto, wajumbe wa bodi na yule shemeji anayejua kupiga makofi. Simu haiwezi kukaa bila mtu.

Siku ya mwisho ya kupokea maandiko ni Ijumaa, saa kumi kamili jioni. Mtandao wa kuyapokelea huanza kugoma saa tisa. Wewe anza kupakia saa tisa na nusu.