Uraia kwa Kubadilisha Chungu

Kitalu cha maua kando ya barabara, Likoni. Mimea mitatu inaning'inia kwenye boriti. Chini yake limekaa Kopo la kumwagilia.

SHANGA: Kaeni sawa, mteja huyo! Wa Mtongwe, ana roshani mpya. Ni wangu huyu. Tazameni punje zangu: kila moja ina dirisha lake la kupitishia mwanga hadi ndani.

KOPO: Bi Shanga, Kisauni kuna wapangaji wanaolipa kodi kila mwezi na hawana hata dirisha moja.

MKIA WA PUNDA: Roshani yataka urefu, shoga. Mimi nashuka mnene mpaka chini. Asili yangu Mexico.

SHANGA: Juzi paka alikupitia tu, ukapukutika nusu. Ukipakiwa tuktuk utafika Mtongwe kamba tupu.

MKIA WA PUNDA: Jani langu likianguka hutoa mizizi. Nitafika kamba tupu, lakini hiyo tuktuk itakuwa bustani.

MWENYEJI (kutoka kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia): Mimi kwetu ni Kenya hii hii, na Tanzania, kwenye miamba. Jua likinichoma sana nageuka zambarau tu, maisha yanaendelea.

SHANGA: Ndiyo maana uko mkebeni! Mimi kwetu ni Afrika Kusini, na jina langu la kitaalamu ni la heshima ya Gordon Rowley, Mwingereza. Nilipewa na Mjerumani, Hermann Jacobsen, mwaka 1968.

MWENYEJI: Basi mimi mwaka 1955 nilipewa jina la Jacobsen. Na aliyenipa ni Rowley huyo huyo.

KOPO: Nipe nikupe! Kumbe si wanasiasa peke yao.

MWENYEJI: Langu wataalamu walilibadilisha, sasa naitwa Kleinia petraea. Wewe Rowley bado kakung'ang'ania.

(Mteja anaingia.)

MTEJA: Kijana, nataka ua la kuning'inia lisilokufa. La kwanza nililimwagilia asubuhi na jioni, likaoza.

MUUZAJI: Haya majani yana maji yake, mama. Weka changarawe nyingi, chungu kiwe na tundu, na usimwagilie mpaka udongo ukauke kabisa. Chukua hili la mkebe, ni gumu.

MTEJA: La wapi?

MUUZAJI: La hapa hapa Kenya.

MTEJA: La hapa hapa nilitolee pesa? Na maua yangu nayajua mwenyewe, usinifundishe.

(Muuzaji anaingia nyuma ya kibanda na mkebe. Anarudi na mmea ule ule katika chungu cheupe, umezungushiwa vijiwe.)

MUUZAJI: Basi hili, mama. Jacobsen. La Kijerumani. Bei yake ni mara tatu.

MTEJA: Sasa hapo umesema! Nifungie.

MKIA WA PUNDA: Uraia wa Ujerumani umepatikana Likoni, bila viza!

MWENYEJI: Mimi sikusema neno.

MTEJA: Na nilimwagilie mara ngapi?

MUUZAJI: La Kijerumani halitaki kusumbuliwa, mama. Changarawe nyingi, chungu chenye tundu, na usimwagilie mpaka udongo ukauke kabisa.

MTEJA: Ngoja niandike.

KOPO: Andika, mama, andika. Ushauri nao umeshapata viza.