Dola Huangushwa na Binti wa Miaka 16

Tangu Suzanne Collins alipotoa The Hunger Games mwaka 2008, na Veronica Roth akafuatia na Divergent mwaka 2011, imekuwa kana kwamba ni kanuni kwa waandishi wa Marekani kuwa dola dhalimu, hata iwe na askari, majasusi na mitambo ya ajabu kiasi gani, haina budi kuangushwa na binti wa miaka 16, huku watu wazima, walioshuhudia wana wao wakitolewa kafara mwaka hadi mwaka, wakiwa wamekaa kitako wakimsubiri abaleghe.

Tris wa Roth, katika Chicago iliyogawa watu mafungu matano kwa tabia zao, huhesabiwa kuwa hatari kwa serikali kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba ana tabia zaidi ya moja. Kipawa ambacho, kwa hakika, shangazi zetu wote wanacho, na hakuna serikali iliyowahi kutishika.

Ama Katniss wa Collins, kabla ya kupelekwa uwanjani kuuana na vijana wenzake, husuguliwa na kung'olewa malaika kama bi harusi anayesingwa, kisha, wilaya 12 za nchi yake zikiwa zinangoja ukombozi, msomaji hushughulishwa na suala zito zaidi: je, atamridhia Gale mwindaji, au Peeta, mwana wa mwoka mikate? Alimridhia Peeta, uamuzi ambao mimi, niliyevisoma vitabu hivyo nikiwa na njaa, nauafiki bila ya shaka.