Siku Nne za Mapumziko

Mwaka 2007 walimu watatu wa Chuo Kikuu cha Furman huko Marekani, Bill Pierce, Scott Murr na Ray Moss, walitoa kitabu kinachosema mtu anaweza kujiandaa kwa marathoni kwa kukimbia mara tatu tu kwa wiki. Siku ya kwanza vipande vifupi vya kasi, ya pili mwendo mkali usiolegea, ya tatu safari ndefu. Siku mbili nyingine apande baiskeli, aogelee au apige kasia. Zinazobaki apumzike. Bingwa wa marathoni Eliud Kipchoge yeye alizoea kupita kilomita 200 kwa wiki. Mke wangu alipoisikia idadi hiyo aliuliza ni nani anayemwangalizia duka.

Nikachagua mara tatu. Shabaha yangu ni Kilimanjaro Marathon, inayokimbiwa Moshi, Tanzania, tangu 2003, Februari inapoishia au Machi inapoanza. Ukihesabu miezi kurudi nyuma, mazoezi yanaangukia Desemba, na hapo ndipo Serikali yetu ya Zambia inapofunga uvuvi huku kwetu, tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, samaki wazaliane. Kwa mfanyabiashara wa chisense, dagaa wa Ziwa Mweru, kama mimi, muda si tatizo. Tatizo ni kwamba Nchelenge nzima, mji wetu wa ziwani, nayo ina muda, imekaa barazani na haina cha kutazama ila mimi.

Siku za kukimbia zina shida zake, lakini zinavumilika. Hapa mkoani Luapula huwezi kumpita mtu mzima bila kumwambia “mwapoleni mukwai” na kungoja jibu, na jibu hilo lina mvua ndani yake, lina mihogo, lina mjukuu aliyelazwa. Mwendo usiolegea hulegea kila nyumba ya tatu. Asubuhi moja, barabara ya Kashikishi, nilimsalimu mzee mmoja huku nakwenda, nikampungia tu. Akaona mtu mzima, jirani yake, anakimbia bila mzigo na hana hata nafasi ya kusimama. Kwake hiyo ilikuwa na maana moja. Niliporudi nilikuta kina mama wawili wameshajifunga vitenge, mmoja ana unga kichwani, wananiuliza msiba uko upande gani. Nilieleza. Yule mwenye unga aliniangalia viatu muda mrefu, kisha akasema basi angalau ningewaambia mapema kabla hajapima unga.

Lakini hizo ni siku tatu. Waandishi wa kile kitabu hawakuzijua zile nne zisizo za kukimbia.

Siku ya baiskeli, kwa mfano. Hapa mwanamume akipita na baiskeli yenye keria tupu, huyo ni usafiri. Sijafika hata sokoni, bamayo mmoja, yaani mama, ananisimamisha, anapakia gunia la mihogo iliyolowekwa, anapanda juu yake, anasema, “Twende, batata,” yaani baba. Mihogo iliyolowekwa ina harufu ya kumfanya mtu akanyage pedali kwa bidii ambayo hakuna mwalimu wa Furman aliyeifikiria. Kumkatalia haiwezekani, ni shangazi wa mke wangu kwa njia ambayo bado sijaielewa.

Kuogelea nilikuacha kwa heshima ya mamba. Likabaki kasia. Nikaazima mtumbwi, nikaingia ziwani alfajiri, katikati ya Januari. Sasa jiulize mwenyewe: mtu mzima, peke yake, gizani, wakati uvuvi umefungwa, amevaa kaptura. Afisa wa uvuvi aliyenipokea ufukweni alipekua mtumbwi wote akitafuta wavu. Alipoukosa ndipo aliposhuku zaidi. Nikamweleza habari za marathoni, kilomita 42 na mita 195. Akaniuliza huko Moshi mshindi anapewa samaki gani.

Hukumu yangu ni kwamba mpango wa mara tatu ni mzuri na miguu yangu imeukubali. Kinachochosha ni mapumziko. Kwa hiyo, majirani wa Nchelenge, tupangane. Mwenye gunia aje Jumatano au Ijumaa, atapakiwa. Jumamosi nina safari ndefu: nipungieni mkono tu, na tafadhali, mukwai, msipime unga.