Rangi ya Mdomo Karakanani

Mashine yangu ya kutobolea chuma, ile ya kukaa juu ya meza, niliinunua Arua kwa muuzaji aliyeapa kwamba haina shida ndogondogo. Alisema kweli, ilikuwa na kubwa. Nilipoifikisha nyumbani Koboko, kila keekee ikigusa chuma, kichwa kinachoishika kinachomoka, kinaanguka huku kinazunguka, na mwenye mashine anaruka.

Huku kwetu mwenye mashine mbovu hakosi washauri. Ushauri ulikuja kwa Kikakwa na kwa Kinubi, na nilipofuata spea Arua ukaja kwa Kilugbara. Kata kopo la soda uzungushie. Tia gundi. Mchomeleaji wa jirani alikuwa ameshavaa miwani: "Mzee, tukichomelee, hakitatoka milele." Kweli kabisa, na siku ya kukibadilisha ningebadilisha mashine nzima.

Kichwa hicho hakifungwi kwa nati. Shina lake limechongoka, na tundu linamoingia limechongoka vivyo hivyo, kwa kipimo cha Mmarekani Stephen Morse wa miaka ya 1860: katika kila milimita 20 za urefu, unene unapungua kama milimita 1. Kinachoshika ni msuguano tu, na sharti chuma kigusane na chuma toka juu mpaka chini. Kikigusa mahali pamoja, kinacheza kama jino bovu.

Dukani Arua walinipa dawa ya kusagia vali, nisage shina na tundu pamoja. Usikubali, ndugu msomaji. Zinalana ovyo, umbo linaharibika, na hapo hata Morse mwenyewe asingekusaidia.

Kwanza ujue panapogusa. Fundi hupaka shina rangi nyembamba, hulisukuma ndani, hulizungusha kidogo, kisha hulichomoa. Rangi ya kazi hiyo sikuipata, ila rangi ya mdomo ya mama watoto ilikuwa pale dirishani, nyekundu, laini, imetulia. Ilifanya kazi ajabu! Ilifutika kwenye pete moja tu karibu na upande mnene. Kwingine kote ilibaki kama nilivyoipaka. Nikatia kidole: kwenye mdomo wa tundu palikuwa na kinundu, kovu la siku ambazo shina liliteleza kwa mwenyewe wa zamani.

Nikakiondoa polepole kwa kijiwe cha kunolea, nikapaka tena, nikapima tena, mpaka wekundu ukafutika shina zima.

"Baba watoto, nani huyu amekuachia rangi kwenye kola?"

"Mashine."

Akaisogelea kola, akaitazama vizuri. "Na anapaka ya kwangu!"

Hiyo kesi ilichukua muda kuliko kinundu. Mashine yenyewe ilibaki kufutwa mafuta yote kwa petroli, shina na tundu, maana mafuta huua msuguano; kisha meno ya kichwa yakarudishwa ndani na kichwa kikagongwa kwa gogo, si kwa nyundo ya chuma. Tangu hapo hakijaanguka.

Ukitaka kujaribu, nunua rangi yako mwenyewe. Sokoni zimejaa.