Kiboko na Mto wa Kanga

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana wengi wetu tuliyaona kwenye televisheni, palikuwa na kisiwa chenye milima, na milimani waliishi kanga. Hawakuwa wenyeji wa asili. Babu zao waliletwa kutoka Afrika matunduni, wafugwe, watage, waliwe. Siku moja wakayavunja matundu wakakimbilia mlimani. Jogoo, mwenye matundu, akaja na manowari kudai fidia ya mali aliyopotelewa, na mali yenyewe ni hao kanga. Wakalipa. Wajukuu wakalipa, vitukuu wakalipa, tena kwa mikopo ya benki za kwao Jogoo.

Msinitazame hivyo. Ufaransa iliidai Haiti fidia hiyo mwaka 1825, na madeni yaliyotokana nayo yalimalizika kulipwa mwaka 1947. Yaliyobaki ni ya ndege na wanyama, ila kila nikitaja mwaka mjue sitanii.

Ng'ambo ya maji aliishi Tai. Tai aliwashawishi kanga washushe ushuru wa mchele, wakaushusha hadi asilimia 3 mwaka 1995. Mchele wa Tai, uliolimwa kwa ruzuku, ukafurika sokoni kwa bei ya kutupa. Kanga wa bondeni wakaacha mpunga, wakahamia mjini, wakajenga kibanda juu ya kibanda kwenye makorongo. Jioni ya tarehe 12 Januari 2010 ardhi ilipotikisika, iliwakuta wamebanana huko huko. Miezi miwili baadaye Bill Clinton, aliyekuwa rais wa Marekani ushuru ulipokatwa, alikiri mbele ya Seneti kwamba sera ile huenda iliwafaa baadhi ya wakulima wa kwao Arkansas, lakini ilikuwa kosa.

Basi wahisani wakaja. Hakuna aliyekuja mikono mitupu. Kila mmoja alikuja na bendera yake. Mashangingi yakajaa barabarani, kodi za nyumba chache zilizosimama zikapaa, na kanga aliyekuwa mwalimu akaacha darasa akawa dereva wa mgeni, kwa kuwa dereva alilipwa zaidi.

Palikuwa na mjane akiitwa Bibi Madoa. Nyumba yake ilikuwa imelala chini. Alitaka bati kumi na mbili, mbao na misumari; kujenga anajua mwenyewe. Mhisani wa kwanza akamwandika jina. Wa pili akamwandika jina. Wa tatu akamuuliza ana mayai mangapi na kama tetemeko limemwathiri kisaikolojia.

"Bati, mwanangu," alisema Bibi Madoa.

"Bati si endelevu, bibi," akajibiwa, akapewa turubai lenye nembo.

Akaambiwa mambo ya makazi yanajadiliwa kwenye mkutano wa uratibu, karibu na uwanja wa ndege. Akaenda. Getini mlinzi akamwomba kitambulisho.

"Kimefukiwa na kifusi."

"Basi kalete barua ya mwenyekiti wa mtaa."

"Na mwenyekiti kafukiwa."

Akasimama pale juani. Ndani mkutano uliendelea kwa lugha ya Tai, ambayo kanga wengi hawaijui, na ajenda ya siku ilikuwa ushirikishwaji wa jamii.

Wakubwa nao wakaunda Tume ya Muda ya Kukijenga Upya Kijiji. Iliwekewa viti viwili mbele, kimoja cha Tai mstaafu, kingine cha Mzee wa kijiji, ili ionekane mambo ni nusu kwa nusu. Kanga walioteuliwa wajumbe waliandika barua kulalamika kwamba wamewekwa pale kama mapambo. Barua ikapokelewa, ikagongwa muhuri. Mzee wa kijiji hakuwa malaika, na wahisani hawakuchoka kulisema hilo kila walipoulizwa mbona hela hazipiti mkononi mwake. Lakini hakuna anayejifunza kusonga ugali kwa kunyang'anywa mwiko. Katika fedha za dharura zilizotolewa baada ya tetemeko lile, zilizopitia serikali ya Haiti hazikufika asilimia 1.

Sasa Korongo. Huyu ana miguu mirefu, huvuka maji bila kulowa, na kila mtu humwamini kwa weupe wake. Alikusanya mchango uliowashinda wote. Kwa kuwa mlima hakuujua, akampa kazi Bundi, akabakiza kidogo kwa gharama za uendeshaji. Bundi akampa Kunguru, naye akabakiza kidogo. Kunguru akampa Kwale, mshauri elekezi, ambaye alihitaji tiketi ya ndege ingawa ana mabawa. Fungu lilipofika kwa Bibi Madoa lilikuwa semina ya siku moja: Jinsi ya Kuikarabati Nyumba Yako Mwenyewe. Palikuwa na soda na biskuti. Bibi Madoa alitia sahihi akidhani anasaini posho, na kwenye daftari la Korongo ikaandikwa: amepatiwa makazi.

Mnasema nimetia chumvi. Mwaka 2015 waandishi wa ProPublica na NPR walifuatilia karibu dola milioni 500 zilizochangwa kwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani kwa ajili ya Haiti. Nyumba za kudumu walizozikuta zimejengwa zilikuwa 6. Shirika lilijitetea kwamba limewapatia makazi watu 130,000, na katika hesabu hiyo wamo waliohudhuria semina.

Hayo yote kanga wangeyavumilia, maana kuvumilia wamezoea. Lililowashinda ni la Kiboko.

Kiboko alikuwa ametumwa na Baraza la Wanyama Wote kulinda amani. Askari wake wa zamu mpya walipiga kambi kando ya kijito kinachoumwagia mto mkubwa maji. Aliyewahi kumwona kiboko akijisaidia hahitaji maelezo: mkia unazunguka, kila kitu kinatawanyika. Huko chini kanga walikuwa wakinywa, wakioga, wakifua. Siku chache baadaye wakaanza kuharisha, na wengine hawakumaliza siku.

"Ni Kiboko," walisema.

"Huu si wakati wa kunyoosheana vidole," Baraza likajibu. "Sababu ni nyingi. Joto la maji. Mvua. Na nyinyi usafi wenu, tukiambiana ukweli..."

Bibi Madoa, aliyezika wawili, akaenda kushitaki. Karani akafungua kitabu kinene.

"Kiboko ana kinga."

"Kinga ya kipindupindu?"

"Hapana, bibi. Ya kushitakiwa na wewe."

Oktoba 2010 kipindupindu kililipuka Haiti, nchi ambayo haikuwa imekiona kwa zaidi ya karne. Wanasayansi walikifuatilia hadi kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa kutoka Nepal, karibu na Mirebalais, ambayo kinyesi chake kiliingia kwenye kijito kinachomwaga maji mto Artibonite. Walikufa takriban watu 10,000, wakaugua zaidi ya 800,000. Kesi iliyofunguliwa New York ilitupwa kwa sababu ya kinga. Desemba 2016 Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliomba radhi, ukatangazwa mpango wa dola milioni 400, na nchi wanachama, zile zile zilizokuwa na bendera nyingi mwaka 2010, zikachangia sehemu ndogo tu.

Juni 2024 kikosi cha kwanza cha polisi wa Kenya kilitua Port-au-Prince, nacho kusaidia kulinda usalama. Kwa ndugu zetu hao, na kwa yeyote atakayetumwa baada yao, ombi letu ni moja: kabla ya kupandisha bendera, chimbeni choo, tena mbali na mto.