Vitumbua vya Saa Nane Usiku

Harufu ya vitumbua ndiyo iliyoniamsha. Iliki, tui, mafuta yaliyopata moto. Kwa uzito wa usingizi nikadhani nimerudi utotoni Pangani, maana harufu hiyo ndiyo iliyokuwa ikituamsha kila alfajiri. Nikapapasa simu. Saa nane na robo usiku.

Nilimkuta mama uani, amechutama mbele ya jiko la mkaa, kanga moja kiunoni, nyingine kichwani. Anapitisha ncha ya kijiti ukingoni mwa tundu la chuma, kitumbua kinalegea, kinabinuka, kinakaa. Kisha cha pili. Hata kimoja hakikuungua. Huyu ndiye mama ambaye jioni ile ile alinitazama usoni akaniita kwa jina la kaka yake marehemu. Kumbe unga wa mchele alikwisha kuukoroga mchana, akauficha chini ya kitanda na kifuniko juu, ukaumuka vizuri, sisi hatuna habari.

Akainua macho. "Mbona huniamkii?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wanafunzi wataanza kupita sasa hivi. Waamshe wale watoto."

Watoto alikwisha kuwaamsha mwenyewe. Walikuwa sebuleni na sare za shule, mdogo amelala kwenye kochi na begi mgongoni.

Nikafanya kosa ambalo hadi leo linaniuma: nikamwambia ni usiku, nikamnyang'anya kijiti. Akanyamaza. Tukaanza kuhangaika, mke wangu anazima mkaa, mimi nawarudisha watoto kitandani, na tulipogeuka, ungo haupo, mama hayupo, mlango wa mbele uko wazi.

Mtaani kwetu Ngamiani, saa tisa kasoro usiku ni giza na mbwa. Tulimtafuta mtaa kwa mtaa, mke wangu analia kimya kimya. Tulimkuta kwenye kijiwe cha bodaboda, amepewa kigoda, vijana wanaosubiri abiria wa mabasi ya usiku wamemzunguka, wanakula. Mmoja akanivuta pembeni: "Usimgombeze, kaka. Tumemlipa wote." Pesa alikuwa ameifunga pindoni mwa kanga, kama alivyoifunga miaka thelathini na zaidi.

Ilikuwa mwezi wa tatu tangu tumlete kutoka Pangani. Alipoanza kusahau njia ya kisimani tukaona si vyema akae peke yake. Tukampa chumba cha nyuma, kilicho kimya, nami nikamtundikia pazia zito ili apumzike. Mchana alisinzia. Magharibi ikiingia, anakuwa mtu mwingine. Anafunga vitu vyake kwenye kanga, anasimama mlangoni: "Jamani, nimekaa vya kutosha. Nirudisheni kwetu." Usiku ndiyo hivyo.

Majirani walisema ni mashetani wa magharibi. Shangazi akaja na kombe. Sikumkatalia, na nilimshukuru, kwa kuwa siku ile angalau mtu alikaa naye na kumshika mkono mpaka giza likakolea. Kilichotuumiza ni vidonge. Duka moja la dawa lilitupa vya mafua, vile vinavyolewesha, ati vitampa usingizi. Usiku wa pili akaamka anapepesuka, akaangukia beseni, akashonwa nyuzi tatu juu ya jicho. Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba dawa za namna hiyo humzidishia mzee mkanganyiko na kumwangusha. Nalisema hapa kwa sababu najua si nyumba yangu peke yake.

Daktari kijana aliyemshona hakuuliza habari za mashetani wala za vidonge kwanza. Aliuliza: "Mama analiona jua saa ngapi?"

Tukatazamana. Dirisha la chumba kile linatazama ukuta wa jirani, na juu yake pazia langu.

Akatueleza, nami tangu hapo nimesoma kila nilichoweza kukipata. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya fahamu ya macho inapopishana, kuna kifungu cha seli kidogo kuliko punje ya mchele. Hiyo ndiyo saa ya mwili. Inaupangia mwili wakati wa kupanda na kushuka joto, wakati wa njaa, wakati wa kumwaga melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia. Lakini saa hiyo haiko sawasawa: ikiachwa peke yake, kwa watu wengi mzunguko wake hupita saa 24 kwa dakika kumi na kitu. Inahitaji kurekebishwa kila siku, na kinachoirekebisha kuliko kitu chochote ni mwanga wa asubuhi unaoingia machoni. Sisi Waswahili tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, kwa hiyo jambo hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba nilikuwa nimemfungia mama yangu jua hilo kwa mikono yangu, kwa mapenzi.

Mwaka 1985, Dick Swaab na wenzake kule Uholanzi walipima ubongo wa watu waliofariki, wakakuta kifungu hicho kimenywea kwa wazee sana, na kwa waliokuwa na demensia, maradhi ya kusahau kama ya mama, kimenywea zaidi. Basi saa yenyewe inachakaa. Juu ya hapo macho ya uzeeni yana ukungu, mtoto wa jicho anazuia mwanga, na mgonjwa anafungiwa ndani. Saa dhaifu, halafu hakuna wa kuirekebisha.

Kuna upande mwingine unaonitisha kwa ajili yangu mwenyewe. Beta-amiloidi, protini inayogandamana katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, huongezeka tukiwa macho na kupungua tukilala. Watafiti bado wanabishana, ni ugonjwa unaoharibu usingizi au ni usingizi mbovu unaouita ugonjwa. Mimi naamini yote mawili yanakokotana, na mtu anayekesha miaka kumi kwa kazi za zamu angestahili kuelezwa hivyo mapema.

Tukamhamisha mama chumba cha mbele, kinachopokea jua la mashariki. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi yuko barazani na ungo wa mchele. Anachambua: vidole vinatambaa, chuya huku, kijiwe kule, anapeta, anapuliza. Saa mbili nzima. Hahitaji kukumbuka chochote, mikono inajua. Usingizi wa mchana tukaufupisha. Chai ya rangi ikaishia saa tisa alasiri. Baada ya isha tunazima taa ile nyeupe kali ya sebuleni na televisheni, inabaki taa ndogo ya manjano. Jioni, kabla ya adhana, mke wangu anaketi naye, wanasuka ukili.

Sitaki kumdanganya mwenye mgonjwa. Huko huko Uholanzi, mwaka 2008, yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika nyumba 12 za kulelea wazee, wakazi 189, ambamo baadhi yao waliwekewa taa kali za mchana darini. Kupungua kwa akili kulipoa kidogo, asilimia 5 hivi, na huzuni ikapungua kwa asilimia 19. Si tiba. Kwetu pia si tiba. Jina langu halijarudi. Lakini baada ya wiki tatu hivi mama alianza kulala mpaka alfajiri, siku nne au tano kwa wiki, na nasi tukalala. Anayejua kukesha na mgonjwa ataelewa ukubwa wa neno hilo.

Chuma cha vitumbua hatukukificha. Kila Jumamosi asubuhi anakaanga uani, mke wangu yuko kando yake, na vijana wa kijiwe wanakuja wenyewe.

Juzi aliamka tena, saa tisa usiku. Nilimsikia akitafuta viatu.

"Mbona huniamkii?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumekucha, tukawashe jiko."

Sikumbishia. Nilimshika mkono nikampeleka dirishani, nikalifungua lote. Nje giza, nyota chache juu ya bati la jirani, upepo wa bahari. Akatazama kwa muda mrefu, mkono wake umekaa ndani ya wangu.

"Kumbe bado," akasema, akarudi kulala.